Amplifaya ya valvu kwa hedifoni kali
Ndugu yangu, umeuliza kama amplifaya mpya itapunguza ukali wa hedifoni yako ya Sennheiser HD 800, ambayo unasema inakuchoma masikio sauti ya mwimbaji inapopanda katika taarab ya zamani ya kundi la Black Star la hapa kwetu Tanga. Itapunguza, lakini kidogo kuliko wauzaji wanavyoahidi, kwa sababu ukali huo unatokana hasa na mwinuko wa sauti ulio karibu na hezi 6,000 (eneo la sauti nyembamba za juu) ndani ya hedifoni yenyewe.

Amplifaya nzuri ya transista, yenye ukinzani mdogo wa kutolea sauti (yaani kizuizi kidogo cha umeme upande wa hedifoni), itaupitisha mwinuko huo kama ulivyo. Ile ya valvu (mirija ya kioo inayofanya kazi ya transista) isiyo na transfoma ya kutolea sauti ina ukinzani unaoweza kufikia omu 100, na kwa kuwa ukinzani wa HD 800, ambao kwa kawaida ni omu 300, hupanda sana karibu na hezi 100, eneo la besi, hedifoni hupata sehemu kubwa zaidi ya umeme hapo, hivyo besi huongezeka kwa takriban desibeli 1 na sauti nzima ikaonekana kuwa na joto zaidi. Mimi ningeichagua hiyo, kisha ningepunguza desibeli 3 hadi 5 kwenye hezi 6,000 kwa ikwalaiza ya programu (kirekebisha sauti cha kwenye kompyuta au simu), ambayo kwa kweli ndiyo tiba kubwa.

Ukiagiza kutoka Marekani, hakikisha kwanza amplifaya hiyo inapokea volti 230 za hapa kwetu, maana umeme wa kule ni wa volti 120.