Miezi Mitano Ugenini: Jambo Ambalo Afisa wa Uhamiaji Anataka Kulijua

Safari yangu ya kwanza ndefu ng'ambo ilikwamia kwenye neno moja. Dada yangu alikuwa amejifungua, nami nikapanga kukaa kwake miezi mitano. Viza ilikuwa ndani ya pasipoti. Afisa aliponiuliza nimefuata nini, nikamjibu kwa moyo mweupe: "Nimekuja kumsaidia dada kulea mtoto." Akaacha kuandika, akanitazama. Kwake yeye, kulea mtoto ni kazi, na viza yangu ilikuwa ya matembezi.

Nilikaa saa tatu katika chumba cha pembeni. Walipofungua begi wakakuta bahasha ya vyeti vyangu vyote vya shule na chuo. Nilivibeba nikiamini vitaonyesha kuwa mimi ni mtu wa maana kwetu. Wao wakaona mtu anayekuja kutafuta ajira. Kisha wakampigia dada simu. Mimi nilishasema miezi mitano; yeye, kwa ukarimu wake, akasema nitakaa mpaka nitakapochoka mwenyewe. Hakuna aliyedanganya kati yetu, lakini majibu mawili hayakufanana. Nikaruhusiwa kuingia kwa wiki sita tu, na mpwa wangu nikamwacha hajaanza hata kukaa.

Tangu siku hiyo nimekaa ugenini muda mrefu mara kadhaa bila kusumbuliwa, na nimewasindikiza ndugu wengine kupanga safari kama hizo. Nililojifunza ni kwamba afisa ana swali moja analolizungushazungusha: je, huyu atarudi? Mgeni wa wiki mbili hulijibu kwa tiketi yake ya kurudi. Mgeni wa miezi mitano tiketi haimtoshi, kwa sababu tarehe ya tiketi hubadilishwa kwa dakika tano. Lazima aonyeshe maisha yaliyobaki yakimsubiri.

Kwa hiyo jiulize kabla hujaulizwa: nani anashika kazi yako? Nani analipa kodi ya nyumba? Watoto wako kwa nani? Kama umeajiriwa, omba barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza likizo na tarehe ya kuripoti kazini, hata kama likizo yenyewe haina malipo. Kama una biashara, beba nakala ya usajili na uweze kumtaja anayeisimamia. Sheria ya Marekani inalisema jambo hili wazi: chini ya kifungu cha 214(b), mwombaji wa viza ya matembezi huchukuliwa kuwa anataka kuhamia mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume chake. Usiuone kama uonevu dhidi yako. Ndipo mizani inapoanzia kwa kila mmoja.

Fedha nazo zina lugha yake. Taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia na matumizi yakitoka kwa miezi kadhaa ina nguvu kuliko kitita kilichowekwa wiki moja kabla ya safari. Mwenyeji akikugharamia, sema hivyo, na barua yake ya mwaliko itaje anwani, muda wa kukaa na nani analipia nini.

Muda wenyewe uhesabu vizuri. Uingereza kwa kawaida humpa mgeni hadi miezi 6, na Kanada vivyo hivyo. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, hutoa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, na kuvuka kutoka nchi moja ya Schengen kwenda nyingine hakuanzishi hesabu upya. Marekani, tarehe ya kuifuata ni ile ya rekodi ya kuingia, I-94, wala si ile iliyoandikwa kwenye viza. Viza hukufikisha mlangoni, na anayeamua uingie kwa muda gani ni afisa aliye mbele yako.

Kama utafanya kazi ya kwenu kwa kompyuta ukiwa huko, soma kwanza sheria ya nchi hiyo. Uingereza tangu 2024 inaruhusu mgeni kufanya kazi yake ya nje kwa mbali, mradi isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Kwingine si hivyo. Ukumbuke pia kuwa simu yako inaweza kukaguliwa: utani wa "nikifika natafuta kibarua" utasomwa kama mpango.

Ukiwa kaunta, jibu ulichoulizwa, kwa ufupi, na useme kweli. Nakusihi sana hapo. Uongo Marekani unaweza kukufungia mlango maisha yako yote, na ombi la viza lenye udanganyifu Uingereza huweza kukunyima viza kwa miaka 10. Kupewa muda mfupi kuliko uliotaka kunauma, lakini unaweza kuomba tena.

Safari iliyofuata, mimi na dada tuliandika tarehe kwenye karatasi mbili, moja yake, moja yangu. Nikamwambia afisa: "Namtembelea dada yangu na mwanawe kwa wiki kumi na moja, kisha narudi kazini." Akauliza kazi gani. Nikampa barua ya mwajiri, akaisoma, akagonga muhuri. Nje, mpwa wangu alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, ameshika gauni la mama yake.