Majibu ya chembe nyekundu: usisome mstari mmoja peke yake

Ukipewa karatasi ya picha kamili ya damu, macho hukimbilia penye mshale au herufi H (juu ya kiwango) na L (chini ya kiwango). Mshale huo ukiwa kwenye mstari wa RBC, yaani idadi ya chembe nyekundu, wengi hushtuka. Nimemsindikiza dada yangu maabara kwa miaka, na la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: mstari huo usome pamoja na jirani zake.

Chembe nyekundu hutengenezwa kwenye uboho, huishi siku 120 hivi, na hubeba oksijeni kwa msaada wa hemoglobini iliyo ndani yake. Kwa mtu mzima, idadi ya kawaida ni takriban milioni 4.5 hadi 5.9 kwa mikrolita kwa mwanamume, na milioni 4 hadi 5.2 kwa mwanamke. Maabara hutofautiana kidogo, kwa hiyo fuata viwango vilivyochapwa kando ya jibu lako. Kwa kawaida viwango hivyo hupangwa viwajumuishe asilimia 95 ya watu wenye afya, maana yake wapo wazima kabisa wanaotoka nje kidogo.

Dada yangu alikuwa akichoka haraka. Hemoglobini yake ilisoma 10.9, akaambiwa ana upungufu wa damu, akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Alivimeza bila kuruka, na hemoglobini haikupanda. Daktari mwingine aliichukua karatasi ileile, akaweka kidole kwenye RBC: 5.6. Damu imepungua, lakini chembe ni nyingi kupita kiwango! Akashuka hadi MCV, ambayo ni ukubwa wa wastani wa chembe: 64, wakati kawaida ni 80 hadi 100. Chembe zilikuwa tele, ila ndogo mno. Anayekosa chuma, mara nyingi chembe zake huwa ndogo na idadi nayo hushuka. Akagawanya 64 kwa 5.6, akapata 11 na ushee. Jibu likiwa chini ya 13, alituambia, shaka huelekea kwenye talasemia, yaani kasoro ya kurithi katika utengenezaji wa hemoglobini. Likizidi 13, huelekea kwenye ukosefu wa chuma. Hicho ni kidokezo tu. Vilivyothibitisha ni kipimo cha akiba ya chuma, ambayo ilikuwa ya kutosha, na kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini. Amerithi talasemia nyepesi. Vidonge vikasimamishwa, kwa sababu chuma kikizidi mwilini nacho hudhuru, na mumewe akashauriwa apime kabla hawajapata mtoto.

Idadi ikiwa chini, sababu ni nyingi: hedhi nzito, vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, malaria, ukosefu wa vitamini B12 au foleti, hata maradhi ya figo, maana figo ndizo zinazotoa homoni inayouamsha uboho. Mjamzito hushuka kidogo kwa sababu maji ya damu huongezeka kuliko chembe. Idadi ikiwa juu, anza kujiuliza kama ulikuwa umetapika, umeharisha au hukunywa maji ya kutosha, kwani damu ikikauka maji chembe huonekana nyingi. Sigara, maradhi ya mapafu na kuishi nyanda za juu sana huipandisha pia. Ugonjwa wa uboho wenyewe ni nadra, lakini idadi ikibaki juu kipimo kinaporudiwa, usiuache bila kuchunguzwa.

Ninalolisisitiza zaidi: usijinunulie chuma dukani kwa sababu tu umeona L. Hasa ukiwa mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, ukosefu wa chuma lazima utafutiwe chanzo, kwa sababu huenda unavuja damu tumboni polepole bila kujua. Vidonge vitainua namba na kuuficha ugonjwa.

Tunza karatasi za zamani na uende nazo. Idadi ya 4.2 iliyokuwa hivyohivyo miaka yote ni habari tofauti na 4.2 iliyoporomoka kutoka 5.1 mwaka jana. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, na umuulize MCV na hemoglobini zinasemaje.

Ila ukihema kwa shida hata umekaa, kifua kikiuma, ukizimia au ukipata choo cheusi kama lami, usingoje majibu wala miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.