Usiishie kifundoni: kwa wenzangu wa ultrasaundi

Kijana mmoja wa Wete, Pemba, anayemalizia masomo ya ultrasaundi ameniandikia: "Kaka, nataka kupima mishipa ya fahamu, lakini huku kwetu tunaletewa mimba na figo tu." Nimefurahi mno, maana najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo.

Aliwahi kuletwa kwangu mzee mchumaji karafuu kutoka upande wa Micheweni. Karatasi yake ilisema mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nikamuuliza, "Ami, yameanza lini?" "Tangu masika, mwanangu. Kwanza miguu, kisha mikono. Mkarafuu siupandi tena." Miguu na mikono, pande zote mbili, na miezi inapita: hayo hayawi ya kifundo kimoja. Nilipima nilipoagizwa, nikaikuta neva ya mediani, yaani mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo, nzuri kabisa, nyuzi zake zimejipanga kama sega la nyuki. Sikuinua probu, kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, nikapanda nayo taratibu. Katikati ya kigasha neva ikaanza kunenepa, baadhi ya nyuzi zimevimba na kuonekana nyeusi kwenye skrini, nyingine ziko vilevile. Juu ya kiwiko ikazidi. Shingoni, mizizi ya neva nayo imejaa. Mkono wa kushoto, hivyohivyo.

CIDP ni ugonjwa sugu ambao kinga ya mwili hushambulia ala ya neva. Mwongozo wake wa kimataifa wa 2021 unataka unene uonekane angalau sehemu mbili: zaidi ya milimita za mraba 10 kwenye kigasha, 13 mkono wa juu, 8 kwenye mizizi ya shingo. Niliandika vipimo vyote. Daktari aliyemleta akaisoma ripoti mbele ya mgonjwa, akaniambia nirudi kwenye mimba zangu. Liliniuma, na linaniuma hadi leo. Daktari mwingine ndiye aliyeishika ripoti ile. Mzee akavuka hadi Dar es Salaam, akapimwa umeme wa neva, ugonjwa ukathibitika, akaanzishiwa dawa ya prednisoloni. Nilipomwona tena alikuwa anafunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe, kimoja kimoja, mkewe amekaa pembeni hamsaidii. Najivunia ripoti ile.

Basi fuateni neva yote, jamani. Tumieni probu bapa ya masafa ya juu, ileile ya tezi la shingo, na msiibonyeze. Pimeni pande zote mbili. Neva ifuatwe yote, narudia, hata kama karatasi imetaja kifundo tu. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, inaona mitandao ya neva iliyo ndani sana, ya kiunoni hasa, lakini si lazima mgonjwa aisubiri ikiwa ultrasaundi imeshaeleza. Na mtu aliyelegea ndani ya siku chache, akaanza kuhema kwa tabu, asilazwe kitandani kwako apimwe neva: huenda ni Guillain-Barré, ugonjwa wa neva unaokuja kwa kasi, apelekwe wodini sasa hivi.

Neva nene si CIDP peke yake. Ukoma nao huinenepesha, hasa neva ya ulna, ile ya upande wa kidole kidogo, juu kidogo ya kiwiko, na ukoma bado tunao visiwani. Kabla hujaandika ripoti, mwombe mgonjwa avue shati, utafute baka lisilohisi, kisha uandike ulichoona.