Nondo za faiba kwenye boriti: usibadilishe moja kwa moja

Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, popote upepo wa bahari unapofika, nondo ya chuma inaliwa na kutu, inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana nondo za faiba ya kioo, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa pamoja kwa gundi, zinapata wateja: haziliwi na kutu, na uzito wake ni kama robo ya chuma.

Shida inaanzia dukani. Utaambiwa "weka mm 10 badala ya 12, hii ina nguvu zaidi". Kwenye kuvutwa mpaka kukatika, ni kweli. Lakini ukakamavu wa faiba ya kioo, yaani jinsi inavyokataa kunyumbuka, ni GPa (kipimo chake) 45 hadi 60 tu, wakati chuma ni 200. Chukua boriti ya upana wa mm 300, nondo tatu za mm 16, kina cha mm 400 kutoka juu hadi kwenye nondo. Weka faiba ya unene uleule: zege likishapata nyufa, boriti itapinda kama mara tatu au zaidi. Ukiweka nondo sita na kuongeza kina kwa mm 100, ndipo unaikaribia ile ya chuma, na huenda bado hujaifikia. Ukishusha unene kama alivyosema muuzaji, utaona milango inakwama na vigae vinapasuka.

Jambo la pili ni baya zaidi. Chuma kikizidiwa kinarefuka kwanza, unaona nyufa, unawahi kuweka miti ya kuitegemeza boriti. Faiba hairefuki hivyo, inakatika ghafla. Kwa hiyo mhandisi mzuri anazidisha nondo makusudi ili zege la juu lisagike kwanza. Kanuni ya Marekani ya ACI 440.11 ya mwaka 2022 inawekea kikomo pia mzigo wa kudumu: usizidi asilimia 30 ya nguvu ya nondo, kwa sababu ikibebeshwa miaka mingi inaweza kukatika bila kuongezewa chochote. Tenki la maji juu ya boriti ya paa ni mzigo wa aina hiyo hasa.

Saiti, mwambie fundi asijaribu kuikunja nondo ya faiba kwa moto. Gundi yake haiyeyuki, inaungua. Kona zote zinaagizwa zikiwa zimekunjwa kiwandani, na penye kona nguvu inapungua, hivyo hesabu ya ringi, zile nondo ndogo zinazozunguka nondo kuu, ifanywe kwa nguvu ya kona. Kata kwa grenda, ukiwa umevaa barakoa. Zifunike turubai, jua linakula gundi. Wakati wa kumwaga zege, zifunge chini kwenye mbao: ni nyepesi kuliko zege, vibreta ikipita zinaelea, na kina ulichokipigia hesabu kinapotea.

Wengine wanabana matumizi kwa kuweka faiba chini na ringi za chuma. Karibu na bahari huko ni kutupa hela, maana ringi ndiyo iliyo karibu zaidi na uso wa zege, na chumvi inaanza nayo.