Muulize Anti: Mapambo ya meza na watoto yananishinda

SWALI: Shikamoo Anti. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 6 na wa kiume anakaribia 3. Sikukuu imekaribia na natamani tupambe meza pamoja kwa karatasi, ila mwaka jana tulijaribu maua ikawa vurugu tupu, mdogo akalilia mkasi, gundi ikalowesha kila kitu, basi walipolala nikayafumua yote nikatengeneza upya mwenyewe. Asubuhi binti akaitazama meza, akaniuliza, "Mama, langu liko wapi?" Hadi leo linaniuma. Safari hii nifanyeje?
– Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na nimefurahi umelisema hilo la binti kwa sababu ndo kiini chenyewe. Mtoto anasubiri watu wakae mezani aseme hili nimetengeneza mimi, sasa ukilifumua usiku anakuwa hana tena cha kuonyesha. Kwa hiyo chagua pambo ambalo likienda upande halina shida, hutatamani hata kuligusa.

Mdogo usimpe mkasi kabisa, mpe achane. Kuchana karatasi ni kazi anayoiweza na anaipenda mno, wewe anza kidogo pembeni afu mwachie, utamwona anavyokaza vidole na ulimi nje. Kata ukanda wa manila upana sm 5 urefu sm 15, ulaze mezani, abandike vipande vyake anavyotaka hata vikipandana. Ukikauka ndo uukunje uwe pete ya kuvalisha vitambaa vya kufutia mikono. Ukiukunja kabla haujakauka vipande vinateleza vyote na kilio kinaanza upya.

Binti wa miaka 6 anaweza ua la feni. Chukua karatasi ya kawaida ya A4 (manila ni ngumu, itamchosha vidole), ikate katikati kwa urefu upate vipande viwili vya sm 10.5 kwa 29.7, kila kimoja kinatoa ua moja. Wewe piga mistari ya penseli kila sm 1.5 kukata upana, yeye akunje mbele, ageuze, akunje tena, mbele nyuma hivyohivyo mpaka mwisho, na kila mkunjo aupitishie ukucha ili ukae. Apake rangi kabla ya kukunja, akishakunja haiwezekani tena. Funga uzi katikati kabisa, fungua pande zote mbili kama feni, kingo zikikutana zibandike, mshike kwa pamoja mhesabu hadi 30 ndo muachie. Hapo duara linatokea lenyewe, na mikunjo isipolingana linakuwa kama ua la kweli, mimi hayo ndo nayapenda zaidi.

Gundi usiwape chupa. Mimina kidogo kwenye kifuniko wachovye kwa kidole, maana ikizidi karatasi inakunjamana na haikauki leo. Stepla na vile vipambo vya kumetameta viweke mbali na huyo mdogo, kila kitu kwake kinaenda mdomoni. Karatasi ya krepu nayo ikipata maji inatoa rangi, meza yenye vinywaji itakuharibia kitambaa, na kama mnawasha mishumaa mapambo yakae mbali nayo kabisa.

Halafu msifanye yote siku moja jamani. Dakika 15 kwa mdogo zinatosha, akiondoka mwache aondoke, kesho atarudi mwenyewe kuuliza pete yake. Kila pambo andika jina nyuma, na ya kwao yakae katikati ya meza, siyo pembeni.

Na lile ua la mwaka jana, mwambie binti ukweli kwamba ulilifumua na umekosea, afu mwombe akukunjie la kwanza kabla hujagusa karatasi yoyote.