Bima ya mtu wa tatu haitengenezi gari lako

Pole sana dada, na shukuru Mungu umetoka mzima. Umeuliza kama bima yako ya mtu wa tatu italipia bampa iliyobomolewa na matatu pale Makupa, Mombasa. Haitalipa. Bima hiyo ni ya kumlipa yule utakayemuumiza au kumharibia mali wewe. Gari lako mwenyewe hulindwa na bima kubwa (comprehensive), na hata hiyo mara nyingi hukutaka ulipe mwenyewe kiasi fulani cha kwanza cha gharama.

Lakini usikate tamaa. Kama dereva wa matatu ndiye mwenye kosa, dai lako unalipeleka kwa kampuni ya bima yake. Ulipiga picha ya nambari ya gari na stika ya bima? Hata kama hukupiga, nenda polisi uandikishe ajali, udai abstrakti, yaani karatasi ya polisi inayothibitisha ajali; bila karatasi hiyo hutasikilizwa.

Nakuomba sana, gari usilipeleke kwa fundi kabla halijakaguliwa na mkaguzi wa bima. Na karatasi ya kukubali malipo usitie sahihi mpaka uwe na makadirio ya gereji mkononi, maana ukishatia sahihi huna dai tena. Kampuni hiyo ya bima ikikuzungusha, ishtaki kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.