Kwa anayeanza karakana: nunua daftari kabla ya glavu

Mdogo wangu, miaka ya nyuma nilichomelea fremu za meza, zote zikatoka zimenyooka. Mteja aliporudi kutaka nyingine kumi, mchoro nilikuwa nao na vipimo vyote vilikuwapo. Fremu ya kwanza ikatoka imepinda kama upinde. Chuma kinavuta kikipoa, wewe mwenyewe utakiona, na nilikuwa nimesahau kona niliyoanzia na kabari niliyoweka.

Nilijisikia afadhali niliposoma habari za injini ya roketi ya F-1, kwani hata mafundi wake hawakuandika kila kitu. Tano kati ya hizo ndizo zilizonyanyua Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini mwaka 1969, kila moja ikisukuma kwa karibu tani 680. Zilikunywa mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni ya kimiminika, na moto wake ulipita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Hakuna chuma cha kustahimili hapo. Basi ukuta wa chumba cha mwako ukajengwa kwa mabomba membamba 178 yaliyosimamishwa bega kwa bega na kulehemiwa ndani ya tanuri. Mafuta yakapitishwa humo kwanza, yaupoze ukuta, ndipo yaende kuungua. Fundi yeyote anajua maana ya kuziba viungo vyote hivyo bila hata kimoja kuvuja.

Usidhani wahandisi wake walipatia mara moja. Juni 1962 injini moja iliharibika kwenye majaribio huko California kwa sababu moto ulianza kuyumbayumba ndani. Hesabu za wakati ule hazikutosha kueleza. Wakaamua kulipua vilipuzi vidogo ndani ya chumba injini ikiwaka (ndiyo, kwa makusudi!), wapime moto unachukua muda gani kutulia. Wanabadilisha matundu ya sahani inayonyunyiza mafuta, wanaigawa kwa kuta fupi, wanalipua tena. Mwishowe mtikisiko ukawa unazimika chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Vijiweni utasikia kwamba michoro ya roketi ile ilipotea. Si kweli, imehifadhiwa. Lakini karibu mwaka 2013, wahandisi vijana wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kule Huntsville, Alabama, walipofungua F-1 ya zamani, walikuta kila injini ina mambo yake: mafundi walikuwa wamerekebisha hapa na pale kwa mkono, na ujanja wao haukuwa kwenye karatasi. Ikabidi waipige picha za vipimo, kipande kwa kipande.

Kwa hiyo andika siku ileile, mikono ikiwa bado michafu. Ukurasa wangu wa fremu zile, nilioujaza baada ya kuharibu tatu, unasema: "Anza juu kushoto, ruka chini kulia. Ampea 90. Kabari milimita 3 katikati. Iache ipoe yenyewe, usimwagie maji."